Mshipa Upi? Kiswahili Mbele ya Picha ya Sakafu ya Fuvu

Ni jambo la kawaida katika makongamano ya Kiswahili kusikia kwamba lugha hii inajitosheleza. Wasemaji hupokezana jukwaa, makofi hupigwa, orodha za istilahi za tarakilishi na za sheria hutajwa kuwa ushahidi, kisha washiriki huenda kula. Ni nadra mno kwa yeyote miongoni mwao kuuliza lugha hii inajitosheleza kwa ajili ya nani, na katika chumba gani. Makala haya yanapendekeza chumba kimoja kinachoweza kuutolea mjadala huo hukumu bila upendeleo: chumba anamokaa mgonjwa na daktari mpasuaji wakiitazama picha ya sakafu ya fuvu, siku chache kabla ya upasuaji.

Sakafu ya fuvu ni ule mfupa uliolazwa chini ya ubongo, ukautenga na pua, macho, masikio na koo. Anayeutazama kutoka juu, ulikolala ubongo, huona sakafu. Anayeutazama kutoka chini, ndani ya pua, huona dari. Mwashi wa nyumba za mawe za Lamu asingeshangazwa na jambo hilo, maadamu katika nyumba zile tabaka moja la chokaa na mawe lililobebwa na boriti za mikoko ni sakafu ya walio ghorofani na ni dari ya walio chini yao. Tofauti ni kwamba sakafu ya mwashi haitobolewi ovyo, ilhali hii ya fuvu ina matundu tele. Kuna vijitundu vinavyopitisha neva za kunusa, kuna njia za neva za kuona, kuna mifereji ya ateri zinazopandisha damu ubongoni, na kuna lile tundu kubwa la nyuma ambamo ubongo huungana na uti wa mgongo. Kila tundu lina mpangaji wake, na wapangaji hao hawapendi kusumbuliwa.

Mtu angeweza kuliita eneo hili 'kitako cha fuvu' kwa kufuata lugha ya jiometri, au 'msingi wa fuvu' kwa kulifuata neno la Kiingereza kikasuku. Kitako hakina tatizo kubwa isipokuwa kicheko kitakachozuka darasani. Msingi una kosa zito zaidi: msingi huzikwa ardhini, chini yake hakuna chumba. Neno hilo humfichia mgonjwa jambo lile hasa analohitaji kulijua, yaani kwamba chini ya ubongo wake mna vyumba vyenye hewa, na kwamba daktari anaweza kupitia humo. 'Sakafu' ina faida ya kumkumbusha msikilizaji kwamba kuna wa juu na wa chini. Ndiyo inayotumika hapa.

Kwa nini eneo hilo lipimwe? Mfano ulio wazi zaidi ni uvimbe wa tezi ya pituitari. Tezi hiyo, isiyozidi sana punje ya njegere kwa ukubwa, imekaa katika kishimo kilicho katikati ya sakafu ya fuvu, nyuma kabisa ya pua. Uvimbe ukiota humo na kukua kuelekea juu, huzigandamiza neva za kuona pale zinapopishana, na mgonjwa akaanza kupoteza uoni wa pembeni. Anaona kilicho mbele yake, lakini hugonga miimo ya milango na kushtukiwa na watu wanaomjia ubavuni. Mwaka 1907, katika mji wa Innsbruck nchini Austria, daktari Hermann Schloffer aliufikia uvimbe wa namna hiyo kwa kupitia puani badala ya kulifungua fuvu kutoka juu. Njia hiyo imeboreshwa mno tangu hapo. Siku hizi kamera nyembamba huingizwa katika tundu la pua, na daktari hufanya kazi akitazama kioo.

Njia yenyewe hupitia chumba cha hewa kiitwacho sinasi ya sfenoidi, ambacho ukuta wake wa nyuma ndio unaokipakana kishimo cha tezi. Hapo ndipo penye tandabelua. Katika kuta za pembeni za chumba hicho, kulia na kushoto, hupita ateri ya karotidi, moja kila upande, ambayo ni miongoni mwa njia kuu za damu ya ubongo. Juu yake kidogo hupita neva ya kuona. Mfupa unaozifunika hizo mbili aghalabu ni mwembamba kuliko nusu milimita, na kwa baadhi ya watu kuna mahali ambapo haupo kabisa. Ateri ikipasuka, maisha huwa hatarini kwa dakika chache. Neva ikijeruhiwa, jicho hupofuka. Umbali baina ya misiba hiyo miwili ni wa milimita.

Basi daktari hapimi kwa kupenda hesabu. Hupima kwa kuwa hakuna mafuvu mawili yanayolingana. Kwa watu wengi chumba cha sfenoidi kimejaa hewa hadi chini ya tezi na hata kuipita; kwa wengine hewa imeishia mbele, na kwa wachache, hasa watoto, mahali pa chumba pana mfupa mtupu ambao hauna budi kuchimbwa. Ndani ya chumba kuna viambaza vyembamba ambavyo mara nyingi havikusimama katikati. Kimoja kinaweza kujipinda na kushikamana na mfereji wenyewe wa karotidi, na daktari asiyelijua hilo akakivuta kama anayevunja kuni, atakuwa ameivuta ateri. Umbali kati ya karotidi mbili nao hutofautiana: kwa baadhi ya watu ni milimita chache tu, na mlango wa kuifikia tezi ukawa finyu kuliko ala zenyewe zinavyoruhusu.

Kipimo mashuhuri zaidi katika eneo hili hakikutokana na picha. Mwaka 1962 mwanaanatomia Predrag Keros wa Zagreb aliyachunguza mafuvu makavu na kupima kina cha kile kijishimo kilicho juu ya pua, wanamolala ndugu wawili wa neva ya kunusa. Aliyagawa mafuvu mafungu matatu: yenye kina cha milimita 1 hadi 3, yenye 4 hadi 7, na yenye 8 hadi 16. Mgawanyo huo bado unatumika. Kina chenyewe hakidhuru kitu. Kinachodhuru ni ukuta wa pembeni wa kijishimo hicho, kwani unaweza kuwa mwembamba chini ya milimita 0.2, na kadiri kijishimo kinavyozama ndivyo ukuta huo dhaifu unavyorefuka na kukabiliana na ala za anayefanya upasuaji wa sinasi. Ukitoboka, ugiligili wa ubongo huvuja puani kama maji ya mafua, na njia ikafunguka kwa viini vya maradhi kupanda. La kustaajabisha ni kwamba upande wa kulia na wa kushoto wa mtu yuyo huyo mmoja huenda usilingane. Aliyepima upande mmoja na kuukisia wa pili hajapima.

Keros alikuwa na mafuvu ya wafu mkononi. Kuyapima ya walio hai kulihitaji uvumbuzi mwingine, na sehemu ya uvumbuzi huo ilianzia barani Afrika, jambo ambalo wakereketwa wetu wa mambo ya Kiafrika hulisahau. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alipokuwa akihudumu katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, alianza kujiuliza jinsi ya kukokotoa unene wa kila sehemu ya ndani ya mwili kutokana na miale iliyoupenya kutoka pande nyingi. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na ni wachache waliozijali. Nchini Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield aliifikia njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT ya ubongo katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Picha hiyo ya CT hukikata kichwa vipande bila kisu. Tarakilishi hukigawa kila kipande katika vijichemraba na kukipa kila kijichemraba namba: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, na mfupa mgumu hupanda hata kuipita 1000. Sasa, ikiwa vipande vimekatwa kwa unene wa milimita 3 na ukuta unaotafutwa una unene wa milimita 0.2, namba ya mfupa humezwa na namba ya hewa iliyomo katika kijichemraba hicho hicho, na ukuta ukatoweka pichani ilhali upo. Ndiyo maana picha za kupangia upasuaji hukatwa kwa unene wa milimita 1 au pungufu. Hata namna ya kuonyesha mwanga wa picha huubadilisha unene unaoonekana wa mfupa. Picha ya MRI nayo, ambayo huonyesha nyama laini kwa ubora zaidi, huwekwa kando ya ile ya CT ili uvimbe na mfupa vionekane pamoja. Kwa hiyo anayesema 'nimeona pichani' anapaswa kueleza ameona kwa kipimo gani. Watahiniwa wa tasnifu za fasihi wanaosema 'nimeona matinini' wangefaidika na adabu hiyo, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Baada ya upimaji huo wote wa nukta za milimita, daktari humgeukia mgonjwa. Chukulia kwamba mgonjwa ni mama wa makamo aliyeanza kugonga miimo ya milango. Kiingereza chake ni cha kusalimiana. Mazungumzo huenda hivi:

"Mama, uvimbe wenyewe tunaweza kuufikia, lakini kuna mshipa karibu."

"Mshipa wa nini, daktari?"

"Mshipa tu, mama. Tutakuwa waangalifu."

"Na ukiguswa?"

"Tutajaribu usiguswe."

Kisha mama huletewa karatasi na kalamu.

Mazungumzo haya ni ya kubuni, lakini neno lililoyabeba si la kubuni. 'Mshipa' katika Kiswahili cha kila siku ni njia ya damu, iwe inatoka moyoni au inarudi. Mshipa pia ni neva, hasa likifuatwa na 'wa fahamu', na mara nyingi hata lisipofuatwa. Pwani, mshipa ni ugonjwa, ndio ngiri. Katika shughuli nyingi za maisha upana huo haudhuru, na mshairi huweza hata kuufurahia. Lakini katika ukuta wa sinasi ya sfenoidi neno hilo limevifumba pamoja vitu viwili ambavyo mashine ya thamani kubwa imefanya kazi kuvitenga. Mama ameulizwa kama yu tayari kuhatarisha 'mshipa', wala hajui kama anachohatarisha ni jicho lake au uhai wake. Huenda yuko tayari kulihatarisha jicho ambalo tayari linafifia. Huenda hayuko tayari kuuhatarisha uhai kabla mwanawe wa mwisho hajamaliza shule. Hizo ni hukumu mbili tofauti, zake yeye, na lugha imemnyang'anya zote mbili kwa neno moja.

Hapa ndipo kambi mbili zinazozozana kila mwaka zinapokosea pamoja. Kambi ya kwanza husema Kiswahili ni fukara, hakina maneno ya sayansi. Si kweli: neva, ateri na vena zimekwisha kuingia kamusini zamani. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ipo Kamusi ya Tiba ya taasisi hiyo hiyo. Kambi ya pili husema Kiswahili ni tajiri, kinajitosheleza, na ushahidi ni kamusi hizo. Hilo nalo si kweli, kwani neno lililo kamusini na halimo kinywani mwa daktari wala sikioni mwa mgonjwa ni kama dawa iliyofungiwa ghalani. Daktari wa mfano huu amesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985 na kulifanya somo hili la lazima. Aliandika insha akatunukiwa alama kwa methali na tashbihi. Alikariri majina ya vikembe vya wanyama. Hakuna siku hata moja, si darasani wala chuoni, alipotakiwa kueleza kwa Kiswahili tofauti ya neva na ateri. Walimu wa Kiswahili waliuacha mwili kwa walimu wa biolojia, na walimu wa biolojia walikuwa wakifunza kwa Kiingereza. Lawama hii haiwezi kupelekwa hospitalini peke yake.

Fauka ya hayo, hata kitenzi kikuu cha shughuli hii kina utata. 'Kupimwa', mtu akiwa hospitalini, ni kutafutwa ugonjwa. Anayeulizwa 'umepimwa?' hudhani anaulizwa kuhusu malaria au virusi. Mama wa mfano wetu amekwisha kupigwa picha iliyouonyesha uvimbe. Sasa anaambiwa arudi 'kupimwa' fuvu kwa picha nyingine yenye vipande vyembamba zaidi, na kuna gharama. Ni haki yake kuona kwamba ama picha ya kwanza ilikosewa, ama umepatikana ugonjwa wa pili, ama anatafutwa pesa. Hakuna aliyemwambia kwamba picha ya pili haitafuti ugonjwa wowote. Inapima mifupa yake mizima, ile isiyougua, kwa sababu ndiyo itakayopitiwa. Fundi wa nguo humpima mtu na hakuna anayedhani mteja ni mgonjwa. 'Kuchukua vipimo vya njia' lingekuwa fungu la maneno lililo wazi zaidi, na halihitaji kamati.

Mifano ya namna hii ni mingi kwa yeyote atakayejali kuitafuta. Pale mfupa unapokosekana juu ya ateri au neva kwa maumbile tu, ripoti ikisemwa kwa Kiswahili kwamba 'mfupa una tundu' au 'una ufa', mgonjwa husikia jeraha na huuliza aliumia lini. 'Pengo la asili' lingemtuliza, kwa kuwa pengo la meno wengi huzaliwa nalo na huonewa fahari. Ugiligili ukivuja puani, hofu ya daktari ni kuambukizwa utando wa ubongo, ugonjwa ambao Kiswahili kimeuita 'homa ya uti wa mgongo'. Mgonjwa aliyefanyiwa kazi puani na akaambiwa ajihadhari na homa ya mgongo atakuwa na kila sababu ya kudhani daktari amechanganya majalada. Halafu kuna suala la kulia na kushoto. Kwa desturi ya wanaosoma picha hizi, upande wa kulia wa mgonjwa huonyeshwa kushoto kwa mtazamaji, kana kwamba wawili hao wamekaa uso kwa uso. Kiswahili kina uwezo wa kulimaliza hilo kwa kiambishi kidogo, 'kuliani kwako', lakini sharti kitumike.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ya haya yote ni kuunda istilahi za Kibantu tupu na kuyatimua maneno ya kigeni. Inafaa wakumbushwe maneno hayo ya kigeni yalitoka wapi. Wanaanatomia wa kale wa Ulaya hawakuwa na siri yoyote: waliutazama mfupa wakauita kwa kitu kilichokuwa nyumbani au uani. Kishimo cha tezi ya pituitari walikiita kwa Kilatini tandiko la Kituruki. Kijifupa kinachosimama juu ya pua walikiita upanga wa jogoo, au undu kama wasemavyo wengine. Bamba lenye vijitundu vya neva za kunusa ni chekeche. Sfenoidi maana yake ya Kigiriki ni chenye umbo la kabari. Sehemu ngumu inayolibeba sikio la ndani ilipewa jina la jabali, na ndani yake mna konokono. Kwa hivyo yupo mwanafunzi atakayefurahi kusema 'mfupa kabari' na kujiona ameikomboa lugha.

Furaha hiyo isizuiwe, ila ipimwe. Kwa daktari anayezungumza na mwenzake wa Kampala au wa Cape Town, 'sfenoidi' ni bora kwa kuwa inamfikisha mara moja. Kwa mgonjwa, 'mfupa kabari' haumpi chochote zaidi ya 'sfenoidi', kwa sababu umbo silo analolitaka. Anataka kujua mfupa huo umekaa karibu na nini, na kilicho karibu kina kazi gani. Jina linalotokana na umbo lilimfaa aliyekuwa ameshika fuvu kavu mkononi. Mwenye fuvu lililo hai hawezi kuliona umbo lake. Anaijua kazi yake tu, kwamba anaona, ananusa, anameza, anasikia. Istilahi za mgonjwa hazina budi kuundwa kwa kazi na kwa ujirani: neva ya kuona, ateri ya ubongo, chumba cha hewa nyuma ya pua, sakafu ya ubongo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomshinda msemaji wa Kiswahili wa Taveta au wa Eldoret.

Wala suala hili si la hisani. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, manufaa na hatari zake, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria hiyo haikusema 'kwa lugha anayoitikia kwa kichwa'. Kidole gumba kilichobandikwa wino chini ya karatasi isiyoeleweka ni alama ya kidole tu.

Huenda daktari akajibu kwamba foleni ni ndefu, na kwamba mgonjwa akielezwa habari za ateri atakimbia. La kwanza ni kweli na halikanushiki. Lakini 'neva ya kuona' haichukui muda mrefu kutamkwa kuliko 'mshipa', bora liwe limezoeleka. La pili linadhania kwamba wingu humtisha mtu pungufu kuliko mvua. Mama aliyeambiwa 'mshipa tu' atakwenda nyumbani na kuwauliza majirani, nao watamwambia habari za ngiri, za kiharusi na za shangazi wa fulani aliyekufa mezani. Kuuliza si ujinga, ila kuna majibu yanayomlazimisha muulizaji akaulize penginepo.

Wapo pia watakaosema kwamba tatizo halisi ni uhaba wa mashine na bei ya picha, si maneno. Uhaba upo. Hata hivyo makala haya yanamzungumzia mgonjwa aliyekwisha kulipa, aliyekwisha kulala ndani ya mashine, na ambaye picha yake, yenye usahihi wa chini ya milimita, sasa inasomwa kwa neno lenye upana wa shibiri. Babu zetu wa mwambao walikuwa na shibiri, na dhiraa, na wanda lenye upana wa kidole. Milimita waliipokea kutoka ugenini na hakuna aliyeona haya. Lugha iliyoikubali milimita haina sababu ya kuikataa neva.

Kinachotakikana, basi, ni kazi ndogo ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuianza bila kungoja bajeti. Badala ya kukaa maktabani kuunda orodha ya istilahi kwa mpangilio wa alfabeti, wanafunzi wachache wavuke barabara hadi kitivo cha tiba, waombe kuonyeshwa picha moja ya sakafu ya fuvu isiyo na jina la mgonjwa, na waulize kila kitu kinachoonekana ni nini na kina kazi gani. Waandike maelezo ya ukurasa mmoja. Kisha wayasome mbele ya watu wasiosoma tiba wala isimu, mathalani akina mama wauza mboga nje ya lango, na wawaombe wayaeleze upya kwa maneno yao wenyewe. Palipopotoka pasahihishwe, na asiyesahihishwa awe ni msikilizaji. Wahadhiri wanaosimamia tasnifu za tafsiri wanajua kwamba majaribio ya namna hiyo ni haba, na kwamba istilahi nyingi huhitimu bila kufanyiwa mtihani.

Rasimu ya kwanza ya maelezo hayo, ambayo bila shaka itakosolewa, ingeweza kusomeka hivi:

"Mama, uvimbe wako umekaa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Tutaufikia kwa kupitia tundu la pua, hatutalifungua fuvu kutoka juu. Picha ya kwanza ilituonyesha uvimbe. Picha hii ya pili haikutafuta ugonjwa mwingine. Ilichukua vipimo vya njia. Nyuma ya pua kuna chumba cha hewa. Katika ukuta wake, kuliani kwako na kushotoni kwako, hupita ateri, njia ya damu ya kwenda ubongoni. Ikipasuka ni hatari kwa maisha, na tumejiandaa kwa hilo. Juu yake hupita neva ya kuona. Ikijeruhiwa, jicho la upande huo linaweza kupofuka. Kwako wewe, mfupa unaoifunika ateri ni mzima pande zote mbili. Mfupa wa juu ya neva ya kuona ya kushoto una pengo la asili, ulizaliwa nalo. Kwa hiyo upande wa kushoto tutakwenda polepole zaidi. Baada ya upasuaji, ukiona maji meupe yanakutoka puani ukiinama, usingoje siku ya kliniki, njoo siku hiyo hiyo. Sasa niambie, mama, kwa maneno yako: ni upande upi tutakaokwenda polepole, na kwa nini?"